Wiki ya Nyumba Tupu

Kama ni kupanga, Fundi alikuwa hodari. Alikuwa fundi miwani, na pale dukani kwao ndiye aliyesaga lenzi. Lenzi ikizidi unywele mmoja haiingii kwenye fremu, ikipungua unywele inadondoka, na mteja anarudi kesho yake ameshika kichwa. Ukiifanya kazi hiyo kwa miaka, hata nyumbani unaishi hivyo hivyo: chumvi ina mahali pake, funguo zina msumari wao, na safari huiachi mikononi mwa bahati.

Safari yenyewe alikuwa ameililia tangu hajaolewa. Ilikuwa ya kwenda ng'ambo, kwenye milima ambako majani yanapogeuka rangi na kupukutika, ndege wa nchi za baridi hukusanyika wakavuka kuja kusini kwenye joto. Watu hupanda kwa miguu, mabegi mgongoni, wakafika kwenye upenyo kati ya vilele viwili. Hapo huketi juu ya mawe na darubini zao, na ndege wakapita juu ya vichwa vyao kama mto. Yeye na mumewe walizoea kutazama ndege kila Jumamosi kwenye bwawa la majitaka nje ya mji, mahali ambapo wapita njia hubana pua na kuwacheka. Pale mbayuwayu hufika wamechoka, manyoya yamewakaa vibaya. Fundi alitaka kuwaona siku wanapoanza. Hamu yake ilikuwa hiyo tu, wala haikuwa na ubaya.

Kiongozi wa msafara aliwaambia wachague. Kundi la kwanza lingeondoka majira yakianza, majani bado ya kijani, hewa ina uvuguvugu. Huo ndio wakati wa tai, kipanga na mwewe, maelfu kwa maelfu, wakizunguka kwenye hewa ya moto hadi wawe nukta. Kundi la pili lingeondoka majira yakiishia, majani yako chini, njia ya juu ina barafu asubuhi, na tai karibu wote wameshapita. Wa kuonekana wakati huo ni korongo wa kijivu.

Fundi alikuwa mtu wa tai, kila aliyemjua alilijua hilo. Kwa hiyo jioni ile, mwanzoni mwa mwaka, walipoketi mezani, mumewe, ambaye ni mwalimu wa kemia, hakuona haja hata ya kuuliza.

"La kwanza," akasema.

"La pili," akasema Fundi.

"La pili? Wewe?"

"Lina korongo."

"Korongo. Wewe uliyesema korongo ni bata aliyevutwa miguu."

"Watu hubadilika, Mwalimu."

Mumewe akamtazama. Kisha akatazama mlango wa chumba cha mama yake, ulioachwa wazi kidogo ili akikohoa wamsikie. Mule ndani redio ilikuwa ikisoma habari kwa sauti ya chini. Mume akayarudisha macho mezani.

"Sawa," akasema. "Korongo."

Wote wawili walikuwa wameelewana, na hapo ndipo aibu ilipoanzia. Siku chache kabla yake daktari alikuwa amewaita pembeni. Moyo wa mama umechoka, akawaambia. Mpeni raha, msihesabu miaka. Fundi, kwa kuwa ni fundi, aliposikia asihesabu miaka akaanza kuhesabu miezi. Kundi la kwanza liliangukia mahali pabaya: simu ingeweza kulia wakiwa mlimani, wakarudi mbio, wakawakosa tai na mazishi pia. Kundi la pili lilikuwa mbali, salama. Kufikia wakati huo mambo yangekuwa yamekwisha, waombolezaji wametawanyika, na ndugu wenyewe wangewaambia nendeni mkapumzike, mmeuguza sana. Hakuyatamka maneno haya kwa mtu. Hata moyoni hakuyaacha yakajipanga yakawa sentensi. Yalikaa kama vumbi la lenzi linavyokaa kwenye mikunjo ya vidole: hulioni, mpaka ujifute jicho.

Laiti Mama angekuwa mkorofi, kidogo ingekuwa nafuu. Lakini alikuwa mama mkwe wa kuombwa kwa Mungu. Siku ya kwanza Fundi alipounguza chakula mbele ya wageni, Mama alikula mpaka sahani ikang'aa, akasema ameambiwa masizi yanasafisha tumbo. Kwake ndege walikuwa aina mbili tu, kuku na wasio kuku, ila akiokota unyoya uani humwekea Fundi kwenye sahani ya kikombe chake cha chai, bila neno.

Miezi ikaenda, na Mama hakwenda. Dawa mpya zilimkubali. Uvimbe ukashuka miguuni, sauti ikarudi, akaanza kutoka uani na kiti chake, akawa anawagombeza watangazaji wa redio kama vile wanamsikia. Fundi alifurahi. Alifurahi kweli. Lakini chini ya ile furaha kulikuwa na kitu kidogo kilichokunja uso, kikisema sasa itakuwaje, na kila alipokiona alikimbilia kuosha vyombo hata kama ni safi.

Badala ya kukaa na mumewe waseme, alifanya lile analolijua. Alipanga. Alimpata wa kushika nafasi yake dukani. Alivaa viatu vya kupandia mlima akienda sokoni, ili vizoee mguu. Kisha akaifikiria miche yake ya nyanya na tenki la maji juu ya paa, akaenda kwenye uzio kumwita jirani. Jirani huyo alikuwa fundi wa pampu, na mtaa mzima, hata mke wake, walimwita Pampu.

"Nisaidie kumwagilia na kuangalia tenki," Fundi akamwambia. "Wiki ile nyumba itakuwa tupu."

Aliyasema hayo kama mtu anavyosema jua huchwa jioni. Alirudi ndani akiwa ameridhika kwamba hakusahau kitu.

Jumapili iliyofuata wifi yake alikuja. Huyu alikuwa msusi, mikono myepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Alikaa ghorofa ya nne upande wa pili wa mji, na kwa miaka alikuwa akimwomba mama yake ahamie kwake. Mama alikataa kila mara. "Nikipanda kule nitashuka nimebebwa," alikuwa akimjibu, na binti aliondoka akiamini kwamba kaka na mkewe wamemfungia mama kama mali yao.

Siku hiyo walikuwa uani wote. Wifi alikuwa amesimama nyuma ya kiti akimchana Mama nywele. Mwalimu alikuwa akisahihisha mitihani kwenye kibao juu ya magoti, na Fundi akimenya viazi. Pampu akapiga hodi langoni huku akiwa ameshaingia.

"Karibu kiti," Mama akasema.

"Sikai, Mama. Namuuliza shemeji tu. Ile wiki nyumba itakapokuwa tupu, pampu niwashe asubuhi au jioni? Maana tenki lisipotumiwa na mtu litafurika."

Kitana kikasimama katikati ya nywele.

"Tupu?" wifi akauliza. "Tupu vipi?"

Pampu alikuwa mtu mwema, na kwa wema huo akaingia shimoni miguu yote miwili. "Mimi nimeambiwa hakutakuwa na mtu. Labda Mama mnasafiri naye?"

"Mama akapande mlima?" Wifi akacheka kicheko kisicho na meno. "Haya, niambieni. Mama atakuwa wapi?"

Fundi aliacha kumenya. Kisu kilikuwa kimekwama kwenye kiazi, naye akakitazama kiazi hicho kama vile ndicho kilichoulizwa. Alikuwa amefikiria miche. Alikuwa amefikiria maji ya miche. Katika kupanga kwake kote, kwa muda wa miezi, hakuwahi kumtafutia Mama mtu wa kukaa naye wiki ile, na mpaka dakika hiyo hakujua kwamba hajamtafutia.

"Kaka," wifi akasema, "hii safari mliipanga lini?"

"Mwanzo wa mwaka." Mwalimu aliyasema hayo akiwa ameinamia karatasi. Kalamu nyekundu ilikuwa imetua mahali pamoja na wino unatanda.

"Mwanzo wa mwaka. Mama alipokuwa hajiwezi kwenda hata chooni." Macho yake yalitoka kwa kaka yakaenda kwa Fundi, yakabaki hapo. "Mkapanga kwamba wiki hiyo nyumba itakuwa..."

"Nilimwambia mimi," Mama akasema.

Wote wakamgeukia.

"Nilimwambia mkwe wangu sitakuwepo. Nitakuwa kwako," akamwambia binti yake, bado ametazama mbele kama mtu anayesukwa. "Nilitaka nikushtukize, lakini huyu Pampu mdomo wake hauna koki."

Kitana kikaanguka. Wifi alizunguka kiti, akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono. "Kwangu? Mama, utakuja kwangu?" Alikuwa akilia na kucheka, wanja unamchirizika. "Miaka yote nakuomba. Miaka yote." Pampu, aliyefurahi kwamba mambo yamekwenda vizuri, akasema basi atawasha asubuhi, akaondoka zake.

Wanasema uso umeumbwa na haya. Wa Fundi ulikuwa ukiwaka mpaka masikioni, na hakuna aliyeuangalia isipokuwa Mama, mara moja tu, haraka.

Jua lilipokuwa likishuka, wifi ameshaondoka, Fundi alipeleka vidonge na glasi ya maji chumbani. Mama akaizima redio. Hilo peke yake lilitisha.

"Kaa."

Fundi akaketi pembeni ya kitanda.

"Daktari alikupa tarehe?"

"Mama..."

"Nauliza tu. Maana mimi alinipa vidonge. Kama wewe alikupa tarehe, niambie na mimi nijiandae, nisikae kama abiria asiyejua basi lake ni la saa ngapi."

"Nisamehe, Mama."

"Ngoja kwanza. Hiyo umeitoa haraka mno." Mama alimeza kidonge, akanywa maji yote, akamrudishia glasi. "Lile kundi la mapema, la hao tai wako. Linaondoka lini?"

"Lilishaondoka. Lilirudi juma lililopita."

"Kwa hiyo ungekuwa umekwenda na kurudi, na mimi nipo hapa nagombana na redio."

"Ndiyo, Mama."

"Tai umewakosa."

"Ndiyo."

"Na mimi sikufa." Mdomo wa Mama ulipinda kidogo upande mmoja, lakini kicheko hakikuja. "Basi umekula hasara kote kote."

Fundi aliinama mpaka paji la uso likagusa shuka. Alitamani atukanwe. Tusi angejua pa kuliweka.

"Usinililie, bado nipo," Mama akasema. "Na usidhani nilikuokoa wewe pale uani. Nilimwona mwanangu ameinamia makaratasi. Binti yangu angelijua jambo lile, angemwambia kaka yake achague, dada au mke. Sikuzaa wawili ili nizeeke na mmoja na nusu. Kwa hiyo nitapanda hizo ngazi, na wewe utafunga mdomo."

"Mama, ngazi zile na moyo wako..."

"Ulikuwa umeshanizika, mwanangu. Ngazi zitanifanya nini?"

Akawasha redio.

Jikoni mumewe alikuwa amesimama gizani bila kuwasha taa, kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Ungeniambia kwamba hukupanga mtu wa kukaa naye," akasema.

"Na wewe ungeniuliza."

"Mimi nilisema sawa tu."

"Ndiyo. Ulisema sawa."

Hawakugombana. Wangegombana wangelala vizuri.

Mama hakutaka kungoja wiki ya safari. Neno limeshatoka mbele ya mtoto, akasema, kulichelewesha ni kulichezea. Jumamosi wakampeleka. Wifi alitangulia na mito, Mwalimu akafuata na kiti cha mbao kichwani, Fundi nyuma na begi, mkono wake mmoja umeushika mgongo wa Mama. Walipanda ngazi chache, kiti kikashushwa, Mama akakaa. Wakapanda tena. Majirani walipita wakishuka na kupanda, na kila aliyempa pole Mama alimjibu kwamba yeye hajachoka, anakagua rangi ya ukuta. Lakini kwenye ghorofa ya tatu hakumjibu mtu. Alikaa akiwa amefumba macho, na Fundi, kiganja chake kwenye mgongo ule mwembamba, akausikia moyo ukigonga bila mpango, mara mbili haraka, mara moja pole, halafu kimya, halafu tena.

"Turudi nyumbani, Mama," akamnong'oneza. "Nitamwambia wifi mwenyewe. Nitamwambia yote."

"Za nyuma ni nyingi kuliko za mbele," Mama akasema, na akanyoosha mkono anyanyuliwe.

Wifi alikuwa amekihama chumba chake. Viti vya kusukia na lile kofia kubwa la kukaushia nywele vilikuwa vimebanana kwenye ukumbi, kitanda kimetandikwa shuka zenye mikunjo ya dukani, na redio mpya iko dirishani. Alimlaza Mama, akamvua viatu, kisha akamvuta Fundi mpaka kwenye ukumbi, kati ya vile viti.

"Wifi, nina neno lako," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, mdomo wake ulikuwa mzito. "Siku ile uani, nilikufikiria vibaya. Nilisema moyoni, huyu mwanamke ameshamzika mama yangu. Kumbe mlikuwa mmepanga naye aje kwangu. Nimekosa usingizi kwa aibu. Nisamehe."

Fundi alitazama kofia la kukaushia. Ndani yake uso wake ulionekana umevutwa, macho madogo, kidevu kirefu.

"Nimekusamehe," akasema.

Alilisema neno hilo kwa sauti, likasikika. Wifi akamkumbatia kwa nguvu, akanukia mafuta ya nywele, na Fundi akasimama ndani ya mikono ile kama mwizi aliyepewa zawadi na mwenye nyumba.

Alipoachiliwa alisema anatoka kupiga simu. Kwenye ngazi, pale ambapo kiti kilikuwa kimewekwa mara ya mwisho, akampigia kiongozi wa msafara, akamwambia hawataweza kwenda.

"Siku zimebaki chache, dada," kiongozi akasema, si kwa ukali. "Kuna msiba?"

"Hapana."

"Ugonjwa?"

"Hapana. Yaani... Mama yupo."

Kiongozi hakudadisi zaidi. "Haya, wapo wanaongojea nafasi, nitawapa. Nikuwekeeni mwaka kesho? Watu wameshaanza kujiandikisha, kwa hiyo niambie sasa. Majira yakianza au yakiishia?"

Fundi akaanza kuzihesabu wiki. Mwaka kesho. Kila wiki aliyoigusa ilikuwa na Mama ndani yake, yupo au hayupo, na kuchagua yoyote ilikuwa ni kuchagua hilo tena. Hakukuwa na tarehe safi. Kiongozi akauliza kama mtandao umekatika.

"Usikate," akasema, akazipanda zile ngazi zilizobaki akakimbilia chumbani.

Mama alikuwa ameegemezwa kwenye mito, rangi imeanza kumrudia. Wifi alikuwa akitafuta stesheni kwenye redio, na Mwalimu bado amekikumbatia kiti, hajui akiweke wapi.

"Nani huyo?" Mama akauliza.

"Kiongozi wa safari. Nimemwambia hatuendi. Anauliza mwaka kesho twende lini. Nimekuja..." Akakisogelea kitanda. "Nimekuja kukuuliza wewe."

"Hamwendi?" wifi akasema. "Kwa nini, na Mama yuko na mimi?"

"Nipe," Mama akasema, na mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa.

Aliishika simu mbali na sikio, kama wanavyoishika watu wa rika lake, kwa hiyo wote wakasikia.

"Kijana, hujambo? Hilo kundi la mapema, la tai. Kuna baridi?"

"Sijambo, mama. Hakuna baridi, hali ni nzuri sana."

"Na hao tai, mtu anaweza kuwaona akiwa amekaa?"

"Watu wote hukaa, mama. Kazi ni kufika tu pale juu."

"Basi andika hilo la mapema. Watatu."

Wifi alicheka mpaka akaushika ukuta. "Watatu! Jamani Mama! Wewe uliyepanda ngazi hizi tangu asubuhi?" Mwalimu hakucheka. Alikiweka kiti chini polepole, akaketi juu yake mwenyewe.

Mama akamrudishia Fundi simu.

"Dada, samahani," kiongozi alikuwa akisema, "niandike watatu, au mama ananitania?"

Ingewezekana kutoka nje tena. Ingewezekana kushusha sauti na kumweleza habari za moyo, na za daktari, na kwamba wazee wana mzaha wao. Ndivyo afanyavyo mtu anayepanga vizuri. Mama alikuwa akimtazama, wala hatabasamu. Fundi hakuweza kuyainua macho kuyafikisha kwake. Yaliishia kwenye shuka, kwenye mikono ya Mama iliyotulia juu ya tumbo.

"Watatu," akasema.

"Sema kwa nguvu," Mama akasema. "Simu za siku hizi hazisikii."

"Watatu," Fundi akarudia. "Mimi, na mume wangu, na Mama."